Orodha Ndani ya Orodha katika Python: Mwongozo Kamili wa Mazoezi kwa Anayeanza

Anayejifunza kuandika programu huielewa orodha ya kawaida bila taabu: mabano mraba, koma katikati, namba za nafasi zinazoanzia 0. Taabu huanza pale kipengele cha orodha kinapokuwa orodha nyingine. Mara mabano yanafuatana mawili mawili, kitanzi (`for`) kinaingia ndani ya kitanzi, na Python inalalamika kwa maneno yasiyoeleweka. Kwa ninavyoona, kinachowakwamisha wengi si kanuni za uandishi wa lugha yenyewe. Wanapoteza habari ya walichoshika: kwenye mstari huu wa msimbo, jina hili limebeba orodha nzima ya nje, orodha moja ya ndani, au namba yenyewe? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo, "hapa nimeshika nini?", na mazoezi yake yamepangwa ili ulijibu wewe kabla kompyuta haijakujibia.

Maandalizi

Python 3 ya toleo lolote la karibuni inatosha. Ukiipakua kutoka python.org, kwenye Windows na macOS inakuja na kihariri kidogo kiitwacho IDLE, ambacho kwa mazoezi haya kinafaa kabisa. Weka pia daftari na kalamu pembeni. Kabla ya kubonyeza Enter, andika kwenye daftari jibu unalolitarajia. Likitoka tofauti, usikimbilie kubadilisha msimbo. Tafuta kwanza ni wapi mawazo yako na ya Python yalipoachana. Mtu anayeandika, anaendesha, anaona jibu na kuendelea anaweza kufanya mazoezi mengi asijifunze kitu. Daftari ndilo linalokuonyesha usichokijua.

Chombo kingine cha kukusaidia ni Python Tutor, tovuti iliyotengenezwa na Philip Guo. Unabandika msimbo wako, nayo inachora kila orodha na mishale inayotoka kwenye majina, hatua kwa hatua. Kwa orodha za ndani, mishale hiyo ni dhahabu, hasa tutakapofika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: soma mabano kutoka kushoto

Andika orodha hii ya nyuzijoto za siku tatu, kila siku vipimo vinne:

```
vipimo = [
    [18, 24, 27, 21],
    [17, 22, 29, 20],
    [19, 25, 26, 22],
]
```

Zoea kuiandika hivi, kila orodha ya ndani kwenye mstari wake. Python haijali, lakini macho yako yanajali. Safu inayolala nitaiita "mlalo" (zikiwa nyingi, "milalo"), na inayosimama nitaiita "wima".

Sasa `vipimo[1][2]` ni nini? Usiikamate yote kwa pamoja. Python inaisoma kipande kwa kipande kutoka kushoto, nawe fanya hivyo hivyo:

`vipimo` ni orodha yenye orodha tatu.
`vipimo[1]` ni orodha moja, `[17, 22, 29, 20]`.
`vipimo[1][2]` ni namba 29.

Kila jozi ya mabano inakushusha ngazi moja. Ukipenda kuliona jambo hilo kwa uwazi zaidi, mpe kila hatua jina lake:

```
siku = vipimo[1]
kipimo = siku[2]
```

Mistari hiyo miwili inafanya kazi ileile ya `vipimo[1][2]`. Kila unapochanganyikiwa na mabano mengi, yavunje hivi. Hata waandishi wazoefu hufanya hivyo, na msimbo wao husomeka vizuri kwa sababu hiyo.

Andika majibu ya hizi kwenye daftari, kisha uzijaribu: `len(vipimo)`, `len(vipimo[0])`, `vipimo[0][0]`, `vipimo[2][3]`, `vipimo[-1]`, `vipimo[-1][-1]`, `vipimo[0][1:3]`, `vipimo[0:2]`, `vipimo[0:2][1]`. Majibu ni 3, 4, 18, 22, `[19, 25, 26, 22]`, 22, `[24, 27]`, milalo miwili ya kwanza, na `[17, 22, 29, 20]`.

Usemi wa mwisho ndio unaowaangusha wengi. Wanautazamia ulete wima wa pili wa ile milalo miwili, yaani 24 na 22. Lakini jiulize umeshika nini baada ya `vipimo[0:2]`. Bado ni orodha ya orodha, imepungua tu urefu. Kwa hiyo `[1]` inachukua mlalo wake wa pili. Kukata kipande hakukushushi ngazi; namba moja ndani ya mabano ndiyo inayokushusha. Hakuna mkato wa mabano utakaokupa wima kutoka orodha ya kawaida ya Python. Wima unatafutwa kwa kitanzi, na tutafika huko.

Hatua ya pili: zisababishe hitilafu kwa makusudi

Hitilafu ni rahisi kuzielewa ukiwa umezitengeneza mwenyewe. Andika `vipimo[3]`. Utapata `IndexError: list index out of range`: umeomba nafasi ambayo haipo, kwa sababu milalo mitatu ina namba 0, 1 na 2. Andika `vipimo[0][1][2]`. Sasa ni `TypeError: 'int' object is not subscriptable`. Hapo Python inakwambia kwamba ulishafika kwenye namba, 24, kisha ukajaribu kuifungua kana kwamba ni orodha. Hitilafu hiyo hujibu moja kwa moja swali letu: ulidhani umeshika orodha, kumbe umeshika namba.

Ya tatu ni `vipimo[1, 2]`, ambayo huwavutia waliowahi kusoma jozi za x na y. Inaleta `TypeError: list indices must be integers or slices, not tuple`. Ujumbe huohuo hutokea mahali pengine pa kushangaza: ukisahau koma kati ya orodha mbili za ndani.

```
vibaya = [
    [1, 2]
    [3, 4]
]
```

Bila koma, Python inaona orodha `[1, 2]` ikifuatwa na mabano, na kudhani unaomba nafasi iitwayo `3, 4`. Tangu toleo la 3.8 inakuonya pia kwamba huenda umesahau koma. Ukiona ujumbe huo kwenye orodha uliyoiandika kwa mkono, tazama mwisho wa kila mlalo kabla ya kutazama kitu kingine.

Hatua ya tatu: kitanzi ndani ya kitanzi

Anza na kitanzi kimoja tu:

```
for siku in vipimo:
    print(siku)
```

Kabla ya kuendesha, sema kwa sauti `siku` ni nini. Ni orodha ya namba nne. Basi kila kinachowezekana kwa orodha kinawezekana kwa `siku`: `len(siku)`, `max(siku)`, `sum(siku)`, na kitanzi kingine.

```
for siku in vipimo:
    for kipimo in siku:
        print(kipimo)
```

Nasisitiza majina. `for i in vipimo` halafu `for j in i` itafanya kazi, ila baada ya mistari kumi hutakumbuka `i` ilikuwa orodha au namba. Jina la kitanzi cha nje litaje kitu kimoja cha nje, na la ndani litaje kitu kimoja cha ndani. Ukikosa jina zuri, mara nyingi ni kwa sababu bado hujajua umeshika nini.

Sasa zoezi ambalo ningemshauri kila anayeanza alifanye polepole kuliko mengine yote. Tunataka jumla ya vipimo vya kila siku, bila kutumia `sum`:

```
for siku in vipimo:
    jumla = 0
    for kipimo in siku:
        jumla += kipimo
    print(jumla)
```

Matokeo ni 90, 88, 92. Chukua mstari `jumla = 0` uuhamishe juu kabisa, kabla ya kitanzi cha nje. Tabiri, kisha endesha. Inatoka 90, 178, 270: kigeu `jumla` (jina lililobeba thamani) hakirudi sifuri siku mpya inapoanza, kwa hiyo kinaendelea kujumlisha juu ya siku zilizopita. Sasa uingize ndani kabisa, chini ya `for kipimo in siku:`. Inatoka 21, 20, 22, yaani kipimo cha mwisho cha kila siku peke yake, kwa kuwa jumla inafutwa kabla ya kila kuongeza. Halafu urudishe mahali pake na uhamishe `print(jumla)` badala yake: ndani ya kitanzi cha ndani, kisha nje ya vitanzi vyote. Ndani utaona mistari 12 ya jumla inayokua. Nje utaona 92 tu.

Msimbo ni uleule, maneno ni yaleyale, na kila mahali unapoweka mstari mmoja pana maana yake. Nafasi za mwanzo wa mstari zinajibu swali "hili lifanyike mara ngapi?": mara moja kwa kazi nzima, mara moja kwa kila mlalo, au mara moja kwa kila namba. Mtu akilishika hili, vitanzi vilivyoingiliana vinakoma kumtisha.

Wima sasa. Tunataka jumla ya kipimo cha kwanza cha siku zote, kisha cha pili, na kuendelea. Hapa kitanzi cha nje lazima kitembee kwenye nafasi, na cha ndani kwenye milalo:

```
for w in range(len(vipimo[0])):
    jumla = 0
    for siku in vipimo:
        jumla += siku[w]
    print(jumla)
```

Yatoke 54, 71, 82, 63. Jumlisha majibu hayo manne: 270. Jumlisha yale matatu ya milalo: 270 pia. Kuhakiki kwa njia mbili namna hii hakuna gharama, na kunakamata makosa ambayo Python haiwezi kuyaona. Njia hii inategemea milalo yote kuwa na urefu sawa. Ukiongeza siku yenye vipimo vitatu tu, utarudishiwa `IndexError` ya hatua ya pili.

Kwa mazoezi ya ziada, tafuta kipimo kikubwa kuliko vyote pamoja na mlalo na wima wake (29, mlalo 1, wima 2), kisha hesabu vipimo vinavyozidi 24 (viko vinne). La kwanza linahitaji nafasi pamoja na thamani, na `enumerate` inakupa zote mbili:

```
for m, siku in enumerate(vipimo):
    for w, kipimo in enumerate(siku):
        print(m, w, kipimo)
```

Hatua ya nne: kujenga, kubadilisha, na mtego wa orodha moja yenye majina mengi

Tengeneza ubao wa sifuri wenye milalo mitatu na wima tatu. Njia fupi inayomjia kila mtu ni hii:

```
ubao = [[0] * 3] * 3
ubao[0][0] = 7
print(ubao)
```

Tabiri. Kinachotoka ni `[[7, 0, 0], [7, 0, 0], [7, 0, 0]]`. Umegusa mlalo mmoja, mitatu yote imebadilika. Hakuna hitilafu yoyote iliyotolewa, na hiyo ndiyo hatari yake.

Orodha ya Python haihifadhi vitu vyenyewe ndani yake. Inahifadhi marejeo yanayoelekeza kwenye vitu. `[0] * 3` imetengeneza orodha moja. Kuizidisha kwa 3 mara ya pili hakukutengeneza orodha nyingine mbili, kumerudia tu rejeo lilelile mara tatu. Ni kama watu watatu wenye funguo za chumba kimoja: mmoja akihamisha kitanda, wenzake wakiingia watakikuta kimehamishwa. Thibitisha kwa `ubao[0] is ubao[1]`, ambayo itajibu `True`. Bandika msimbo huu kwenye Python Tutor uone mishale mitatu ikiishia kwenye kisanduku kimoja.

Labda utajiuliza kwa nini basi `[0] * 3` peke yake haina shida. Nayo inarudia rejeo moja mara tatu, lakini namba haibadiliki ndani yake. Ukiandika `mlalo[0] = 7` huibadilishi sifuri; unaelekeza nafasi hiyo kwenye namba nyingine. Tatizo hutokea kwa vitu vinavyoweza kubadilishwa vikiwa palepale, na orodha ni mojawapo.

Njia sahihi ni kuhakikisha orodha mpya inazaliwa katika kila mzunguko:

```
ubao = []
for m in range(3):
    mlalo = []
    for w in range(3):
        mlalo.append(0)
    ubao.append(mlalo)
```

Mstari `mlalo = []` uko ndani ya kitanzi cha nje, kama ilivyokuwa `jumla = 0`. Utoe nje na utapata mtego uleule kwa sura nyingine: marejeo matatu ya orodha moja yenye sifuri tisa. Ukishaielewa njia ndefu, unaweza kutumia fupi, `[[0] * 3 for m in range(3)]`, maana humo `[0] * 3` inatekelezwa upya kila mzunguko. Sishauri kuanza na fupi. Inaficha hasa kile unachotakiwa kukiona.

Mtego huohuo unakungoja kwenye kunakili. `nakala = vipimo` hainakili chochote, inaongeza jina la pili tu. `nakala = vipimo[:]` inatengeneza orodha mpya ya nje, ila milalo ya ndani ni ileile ya zamani. Jaribu haya mawili, ukitabiri yapi yataonekana kwenye `vipimo`:

```
nakala = vipimo[:]
nakala[0] = [0, 0, 0, 0]
nakala[1][0] = 99
```

La kwanza halitaonekana, kwa sababu umebadilisha rejeo kwenye orodha ya nje iliyo mpya. La pili litaonekana, kwa sababu umeshuka hadi kwenye mlalo unaoshirikiwa. Ukitaka nakala iliyojitenga kabisa hadi chini, andika `import copy` kisha `copy.deepcopy(vipimo)`. Na kabla ya kuendelea, rudisha 17 mahali pake.

Hatua ya tano: orodha zisizolingana

Jedwali lenye milalo sawa ni adabu tu ya mazoezi. Taarifa halisi huwa zimepishana. Hizi ni sayari nne zilizo karibu zaidi na Jua, kila moja na siku inazotumia kulizunguka, pamoja na orodha ya miezi yake:

```
sayari = [
    ["Utaridi", 88, []],
    ["Zuhura", 225, []],
    ["Dunia", 365, ["Mwezi"]],
    ["Mirihi", 687, ["Phobos", "Deimos"]],
]
```

Ngazi sasa ni tatu. `sayari[3][2][0]` ni `"Phobos"`. Jaribu `sayari[3][2][0][0]`. Haikatai! Inakupa `"P"`, kwa kuwa Python inaruhusu kufungua neno herufi kwa herufi. Ukizidisha mabano kwenye namba utapata hitilafu, lakini kwenye maneno utapata herufi, na programu itaendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Ndugu yake mbaya zaidi ni huyu: andika mlalo wa Dunia bila mabano ya ndani, `["Dunia", 365, "Mwezi"]`, kisha hesabu miezi kwa `len(sayari[2][2])`. Python itasema Dunia ina miezi mitano. Imehesabu herufi za neno "Mwezi". Kwa hiyo kitu kikiwa kimoja na wenzake ni orodha, nacho kiwekwe kwenye orodha ya kitu kimoja. Kisipokuwepo kabisa, weka orodha tupu, kama Utaridi na Zuhura.

Kwa milalo yenye sehemu zinazojulikana, zipe sehemu hizo majina palepale kwenye kitanzi:

```
for jina, siku, miezi in sayari:
    print(jina, "ina miezi", len(miezi))
    for mwezi in miezi:
        print("  ", mwezi)
```

Kwa Utaridi kitanzi cha ndani hakizunguki hata mara moja, na hilo ni sawa kabisa. Hatari ni `miezi[0]`, ambayo kwenye orodha tupu italeta `IndexError`. Tanguliza `if miezi:`, sharti ambalo orodha tupu haitalivuka.

Sasa zoezi linalopendwa sana na walimu, na lina mtego wake: taja sayari zenye idadi ya miezi ya pili kwa uchache. Wengi watapanga idadi zote na kuchukua ya nafasi ya 1. Idadi zikipangwa ni 0, 0, 1, 2, na ya nafasi ya 1 ni 0, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Ondoa marudio kwanza:

```
idadi = []
for jina, siku, miezi in sayari:
    if len(miezi) not in idadi:
        idadi.append(len(miezi))
idadi.sort()
ya_pili = idadi[1]

for jina, siku, miezi in sayari:
    if len(miezi) == ya_pili:
        print(jina)
```

Jibu ni Dunia. Tumepita kwenye data mara mbili: kwanza kutafuta kiwango, kisha kutafuta wanaokifikia. Usijaribu kuyabana yote kwenye kitanzi kimoja; mipito miwili iliyo wazi ni bora kuliko mmoja wenye masharti manne.

Kuhusu kupanga, `sorted(sayari)` inalinganisha kipengele cha kwanza cha kila mlalo, kwa hiyo utapata mpangilio wa majina kialfabeti. Ukitaka kwa siku, andika fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoanza na `def`) iitwayo `siku_zake`, inayopokea mlalo na kurudisha `mlalo[1]`, kisha uitaje: `sorted(sayari, key=siku_zake)`. Hapa tena swali ni lilelile. Fanksheni hiyo inapokea nini mkononi? Mlalo mmoja, si orodha nzima.

Hatua ya sita: ubao na majirani

Mradi ninaoupendelea kwa hatua hii ni Mchezo wa Uhai, ambao John Conway aliubuni na ukatangazwa mwaka 1970. Ni ubao wa seli (visanduku), 1 ikiwa hai na 0 ikiwa imekufa. Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu inabaki hai. Iliyokufa yenye majirani hai watatu kamili inafufuka. Nyingine zote zinakufa au zinabaki zimekufa. Kila seli ina majirani wanane, ikiwemo pembe, isipokuwa zile za ukingoni.

```
def hesabu_majirani(ubao, m, w):
    hai = 0
    for dm in (-1, 0, 1):
        for dw in (-1, 0, 1):
            if dm == 0 and dw == 0:
                continue
            mm = m + dm
            ww = w + dw
            if 0 <= mm < len(ubao) and 0 <= ww < len(ubao[mm]):
                hai += ubao[mm][ww]
    return hai
```

Tazama sharti la mwisho. Ukilipunguza likaangalia upande wa juu tu, seli ya pembe ya 0, 0 itaomba `ubao[-1][-1]`, na Python itakupa kwa furaha seli ya mwisho ya upande wa pili. Lipime kwa ubao wa 3 kwa 3 wenye 1 kwenye nafasi ya 2, 2 pekee: majirani hai wa 0, 0 lazima wawe 0. Ukipata 1, namba hasi zimepenya. Mpangilio wa sehemu mbili za sharti nao una maana. `ubao[mm]` inaguswa tu baada ya `mm` kuthibitishwa. Ukizigeuza, ukingo wa chini utaleta hitilafu.

Kizazi kijacho kiandike wewe mwenyewe, kwa kufuata umbo la hatua ya nne: ubao mpya mtupu, mlalo mpya kila mzunguko, na `append` ya 1 au 0 kulingana na kanuni. Usibadilishe ubao wa zamani huku ukiuhesabu, kwani seli ya pili itasoma jirani aliyekwisha kugeuka. Kupima, weka ubao wa 5 kwa 5 wenye seli hai tatu kwenye mlalo 2, wima 1, 2 na 3. Kizazi kimoja baadaye ziwe zimesimama kwenye wima 2, milalo 1, 2 na 3. Kingine tena, zirudi zilivyokuwa. Zisipofanya hivyo, chapisha `hesabu_majirani` ya kila seli na uilinganishe na hesabu yako ya daftarini. Kosa litajitokeza haraka.

Hatua ya saba: kina kisichojulikana

Vitanzi viwili vinatosha kwa ngazi mbili, vitatu kwa tatu. Je, `[1, [2, [3, 4]], 5]`? Hapa ngazi zinatofautiana ndani ya orodha moja, na vitanzi vya idadi maalumu havifai. Inahitajika fanksheni inayojiita yenyewe kila inapokutana na orodha. Wazo hili ni la zamani: Lisp, lugha ambayo John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958, imejengwa juu ya orodha ndani ya orodha kiasi kwamba hata programu zake zenyewe huandikwa kwa umbo hilo.

```
def jumla_yote(orodha):
    jumla = 0
    for kitu in orodha:
        if isinstance(kitu, list):
            jumla += jumla_yote(kitu)
        else:
            jumla += kitu
    return jumla
```

Swali letu sasa limeingia ndani ya msimbo: `isinstance(kitu, list)` ni Python ikijiuliza yenyewe imeshika nini. Ikiwa ni namba, inaongeza. Ikiwa ni orodha, inamkabidhi mwenzake kazi ndogo ya aina ileile na kusubiri jibu. Fuatilia kwa kalamu: `[3, 4]` inarudisha 7, `[2, [3, 4]]` inarudisha 9, na orodha nzima 15. Kwa kawaida Python inaweka kikomo cha miito 1000 iliyopandana, kwa hiyo ukiona `RecursionError`, karibu kila mara ni fanksheni inayojiita kwa orodha ileile badala ya ile ya ndani.

Zoezi la mwisho halina jibu hapa, ila lina vipimo. Andika fanksheni `kina` inayorudisha idadi ya ngazi za orodha. `kina([])` irudishe 1, `kina([1, 2])` irudishe 1, `kina(vipimo)` irudishe 2, `kina(sayari)` irudishe 3, na `kina([1, [2, [3, 4]], 5])` irudishe 3. Ile ya orodha tupu ndiyo itakayokusumbua ukitumia `max` bila kujiandaa, kwa sababu `max` ya orodha tupu inaleta `ValueError`.